Ukuta wa Nduguti Usiokuwa na Jembe

Niliondoka Singida Mjini kwenda Nduguti kwa sababu mbili, na ya pili sikumwambia mtu.

Ya kwanza ilikuwa kazi. Ilikuwa miaka ile ya watu kuhamia vijiji vya ujamaa, na watu wa Nduguti walikuwa wamejenga ghala la mazao kwa nguvu zao wenyewe. Afisa Utamaduni wa mkoa alitaka ukuta wa mbele wa ghala hilo uchorwe mkulima mwenye jembe, mkubwa kiasi cha kuonekana kutoka barabarani. Aliniita mimi kwa kuwa nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na nilikuwa naandika vibao vya maduka ya Wahindi pale mjini. Aliniahidi kwamba picha ikimpendeza, ataniajiri ofisini kwake niwe mchoraji wa mkoa.

Sababu ya pili ni hii. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na sita, na nilikuwa sijawahi kuchora kitu ambacho sikukinakili. Sura za watu nilizitoa kwenye kalenda, simba kwenye makasha ya viberiti, maua kwenye vitenge. Watu walinisifu kwamba vitu vyangu vinafanana. Mimi nilitazama rangi ikikauka na sikujiona popote. Nikafikiri kwamba nikisimama peke yangu mbele ya ukuta mkubwa, mbali na wanaonijua, nitajua kama mimi ni mchoraji kweli au ni fundi wa kufananisha tu.

Jumatatu, saa kumi na mbili asubuhi, nilipanda lori lililobeba chumvi na mabati. Nilikuwa na makopo matano ya rangi ya mafuta, brashi zangu, na picha ya mkulima niliyoikata kwenye kalenda nikaikunja ndani ya daftari. Tazameni ujinga wangu: nilikwenda kujitafuta, na bado nilibeba picha ya kunakili.

Iguguno, saa tatu. Tulishuka kunywa chai. Mama aliyekuwa akiuza maandazi alisikia lafudhi yangu akajua mimi ni Mnyaturu. Akauliza naenda wapi na makopo yale.

"Naenda kupaka rangi ghala la Wanyiramba," nikasema.

"Angalia wasikupake wewe."

Watu wote kibarazani walicheka. Kwa wasomaji wa mbali niseme kwamba Mnyaturu na Mnyiramba ni watani. Mtani wako anaweza kukutukana, kukunyang'anya kofia, hata kukumwagia maji msibani, nawe huruhusiwi kukasirika. Dawa ya utani ni kujibu kwa utani. Hilo nililinyonya na maziwa ya mama yangu, ndiyo maana kosa nililolifanya baadaye sina pa kulificha.

Kinyangiri, karibu na saa sita. Gurudumu lilipasuka. Wenzangu waliteremka wakakaa kivulini, mimi nikalala juu ya magunia ya chumvi na kofia usoni. Mawe makubwa ya nchi ile, mashamba ya mtama, mbuga inayoshuka kuelekea bonde la Wembere, vyote vilinipita nimefumba macho.

Nduguti, alasiri. Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Msengi, alinipokea. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, akanipeleka kwa mwenyeji wangu, mjane wa makamo ambaye kijiji kizima kilimwita Mama Naftali. Nyumba yake ilikuwa ya tembe, hatua hamsini kutoka kwenye ghala. Alinikaribisha kwa ugali wa uwele na mlenda, akanitazama nikila.

"Wanyaturu wanakula hivi siku zote, au kwenu kuna njaa?"

"Kwetu kuna chakula, mama. Ni upishi tu ndio hakuna, tunaukopa kwenu."

Alicheka. Tulianza vizuri.

Ukuta wa chumba nilichopewa ulikuwa umekandikwa upya. Udongo mwekundu ulikuwa umevutwa kwa vidole kutoka chini kwenda juu, mistari minne minne, ikikutana na udongo mweupe mahali fulani na kuachana nao mahali pengine. Nilitundika shati langu juu yake. Kazi hiyo hufanywa na wanawake kila baada ya mvua, na kwangu mimi haikuwa na tofauti na kufagia.

Jumanne na Jumatano nilichora. Mkulima wangu alitoka kama alivyokuwa kwenye kalenda, urefu wa watu watatu, meno meupe, jembe begani, akitazama jua. Wanaume waliorudi shambani walisimama kumkagua.

"Huyu analima au anasubiri kupigwa picha?" mmoja akauliza.

"Amevaa soksi," akasema mwingine. "Mkulima wa wapi huyu mwenye soksi?"

"Ni Mnyaturu," Mama Naftali akawajibu. "Wao hulima kwa kusimulia."

Nilijua nafasi yangu ilikuwa ni kujibu. Sikujibu. Yale maneno ya soksi yalinichoma kwa sababu yalikuwa ya kweli. Sikuwa nimemwona mkulima yule popote ila kwenye karatasi.

Alhamisi, asubuhi. Nilipotoka nje nilikuta mkulima wangu amepakwa matope. Mkono mpana ulikuwa umevuta udongo mwekundu kutoka begani mpaka magotini, mara tatu, na udongo wa majivu ukapita juu ya uso. Mama Naftali alikuwa amesimama pale na ndoo, akinisubiri.

"Nimemvalisha nguo za kazi," akasema. "Sasa ataweza kulima."

Wanawake waliokuwa wakipita kwenda kuchota maji walisimama wasikie nitajibu nini. Hata leo najua jibu. Ningesema, mama, jipake na wewe mwenyewe, tuone nani atapata mchumba kwanza. Siku ingekwisha kwa kicheko. Badala yake nilikwenda moja kwa moja ofisi ya kijiji, nikamshtaki.

Katibu wa kijiji alikuwa kijana wa mkoa mwingine, mgeni wa mila zetu. Akachukua kalamu akaandika kwamba Mama Naftali ameharibu mali ya ujamaa. Maneno hayo kwa miaka ile hayakuwa ya mchezo. Mtu aliyeandikwa hivyo angeweza kupelekwa mbali na kijiji chake akaulizwe maswali. Niliyaona yakiandikwa, nikaweka sahihi yangu chini.

Saa nane mchana halmashauri ya kijiji ilikutana. Mama Naftali alikuja amejifunga kanga mbili, na kwa mara ya kwanza sikuona mzaha usoni mwake. Katibu alisoma shitaka. Mzee Msengi akasikiliza mpaka mwisho, akaniangalia.

"Kijana, wewe ni Mnyaturu?"

"Ndiyo, mzee."

"Wa kuzaliwa?"

"Wa kuzaliwa."

"Na huyu mama ni mtani wako?"

"Ndiyo, mzee."

Kisha mzee mmoja kwenye benchi la nyuma akasema taratibu, "Mnyaturu amemshtaki mtani wake. Ngoja nikawaambie wajukuu, mimi nimeishi vya kutosha."

Walicheka wote isipokuwa mimi na Katibu. Mzee Msengi aliichukua ile karatasi, akaichana vipande vinne, akamweleza Katibu kwa upole kwamba jambo hili lina mahakama yake. Hukumu ikatolewa palepale: nimeshtaki matope, basi nikayatumikie matope. Siku mbili nimbebee Mama Naftali udongo na maji, akimalizie kile alichokianza ukutani, kwa kuwa uso ule sasa haukuwa wa mtu wala wa ukuta.

Ijumaa, mapema. Alinipeleka bondeni na jembe na kikapu. Alichimba udongo mwekundu kwa kuuonja kwanza kwenye ulimi.

"Huu una chumvi, utapasuka," akasema. "Chimba pale."

Tukapata mweupe kwenye kingo za kijito kikavu, wa kijivu kwenye majivu ya jikoni, mweusi kwenye masizi ya chungu. Alikanda kila rangi na samadi ya ng'ombe, kisha akamimina maji ya mlenda yaliyokuwa yakivutika kama ute wa yai, ili udongo ushike na usibanduke. Rangi yangu ya mafuta tuliikwangua bila kazi. Ilikuwa imeanza kujikunja yenyewe, kwa kuwa ukuta ule wa udongo ulikuwa bado na unyevu na haukuwa na pa kupumulia. Fundi niliyejiita msomi sikuwa nimelijua hilo.

Alipaka kwanza yeye. Nilimtazama mkono. Haukuwa ukifuata kitu. Ulikwenda, ukasimama mahali ambapo mimi nisingesimama, ukageuka. Niligundua kwamba nilikuwa nimeacha kutafuta mti au mtu ndani ya mistari ile. Nilikuwa natazama mwekundu ukiusogeza mweupe pembeni, na hilo lilinitosha. Mwili ulinisisimka, na niliona haya kwa sababu ya shati nililolitundika.

"Sasa wewe," akasema.

"Nichore nini?"

"Mimi nimekuuliza hivyo?"

Nikaingiza mkono kwenye ndoo.

Jumamosi nzima tulipaka, yeye upande wa kulia, mimi wa kushoto. Mara ya kwanza niliiga mistari yake minne minne, akaja akaifuta yote kwa kiganja.

"Hiyo ni yangu. Yako iko wapi?"

Nilipaka tena. Nikaacha vidole, nikatumia ubavu wa mkono wote mpaka kwenye kiwiko, nikapata uwanja mpana wa rangi ya mtama ulioiva, usio na mstari hata mmoja. Nikauvunja kwa mweupe ulioshuka kama kitu kinachokataa kushuka. Sijui jinsi ya kulieleza kwa maneno zaidi ya hayo. Nilikuwa nafanya makosa, na kila kosa lilinionyesha la kufuata. Saa zilipita bila mimi kuona. Nilikula nimesimama.

Jumapili, watu walipokuwa kanisani, nilibaki peke yangu mbele ya ukuta. Nikapaka umbo jeusi chini kushoto, pana kama mlango, limeinama kidogo. Mama Naftali aliporudi alilitazama sana.

"Hilo litoe. Linatisha watoto."

"Hapana, mama."

"Ni nini?"

"Sijui. Lakini halitoki."

Aliweka Biblia yake chini, akarudi nyuma hatua kumi, akatazama tena.

"Haya," akasema. "Sasa umekuja."

Ndugu zangu, nimepata sifa nyingi maishani baada ya hapo. Hakuna iliyofika pale.

Jumatatu, saa nne. Gari la Afisa Utamaduni lilifika. Kijiji kizima kilikuwa uwanjani. Afisa aliteremka, akatazama ukuta, akanitazama mimi.

"Kijana, mkulima yuko wapi?"

"Hayupo, bwana."

"Na jembe?"

"Halipo."

"Basi mimi nimesafiri kuja kutazama nini?"

Mzee Msengi akaingilia. "Waulize wenye ghala, bwana."

Mzee mmoja mchunga ng'ombe alisogea na fimbo yake. "Hapa mvua imechelewa," akasema, akionyesha ule uwanja mpana. "Shamba limelimwa, linangoja. Hali hii mimi naijua, tumbo linaijua."

"Baba, imechelewa wapi?" mwanamke mmoja akadakia. "Huoni huu mweupe unashuka? Kijito kinakuja."

"Kijito gani cheupe?"

"Wewe unatazama kwa njaa, mimi natazama kwa macho."

Wakabishana. Wengine wakaingia. Mmoja akasema ni safari yao ya kuhama kutoka makazi ya zamani, kwamba mistari ya Mama Naftali ni watu wanaondoka na nafasi zilizobaki ni nyumba walizoziacha. Aliposema hivyo wanawake wawili wakaanza kuutazama ukuta kwa namna nyingine. Afisa alikuwa ameshusha karatasi yake.

"Ningewaletea mkulima mwenye jembe, mngebishana hivi?"

"Tungebishana juu ya soksi," akajibu Mzee Msengi.

Afisa hakuelewa, lakini alicheka na wengine. Kisha akaonyesha umbo jeusi. "Na hili?"

Macho yote yakanigeukia.

"Sijui ni nini, bwana. Najua tu kwamba nikilitoa, ukuta wote unalala."

Afisa alisema kwamba hawezi kumwajiri ofisini mtu anayechora asichokijua, kwa kuwa wakubwa wake watamuuliza, na yeye pia hatajua. Lakini ukuta usifutwe. Watu wakapiga vigelegele. Kazi nilikuwa nimeikosa, na nilisimama pale nimejaa furaha kama aliyepewa mji. Nilikuwa nimepata jibu la sababu yangu ya pili. Mimi ni mchoraji, na hiki ndicho ninachochora.

Hapo ndipo Afisa alipofungua kalamu yake kuandika taarifa. "Nani amekufundisha namna hii?"

"Nimejifundisha mwenyewe," nikasema.

Mama Naftali alikuwa hatua tatu kutoka kwangu, na udongo ungali kwenye kucha zake.

"Kweli," akasema. "Mtani wangu amejifundisha. Mimi nilikuwa nampikia mlenda tu."

Watu walicheka, na mimi nikacheka nao. Niliamini ni utani.

Jioni ile aliniandalia chakula kizuri kuliko siku zote. Alisema, "Karibu, bwana mchoraji." Akaniuliza kama chumvi imetosha. Asubuhi alinitakia safari njema, akaniita bwana tena. Hakunitupia hata neno moja la mzaha.

Jumanne, saa tatu asubuhi, Kinyangiri. Lori lilisimama kuchukua abiria. Tangu tuondoke nilikuwa macho, natazama nje, na nchi yote ilikuwa ukuta wangu: miamba ya kijivu ikiegemea mashamba mekundu, kivuli cha wingu kikipita juu ya mbuga bila kuomba ruhusa. Nilikuwa tajiri. Na katikati ya utajiri huo likanijia lile neno bwana. Mtani wako akikutukana, wewe ni wake. Akikuheshimu, amekufukuza.

Nikamwambia utingo anishushie mzigo.

"Mbona hujafika?"

"Nimepita," nikasema.

Nilitembea kurudi. Ulikuwa mwendo wa siku nzima, na jua halikuwa na huruma, lakini sikumbuki kuchoka. Nilifika jua likiwa bado mitini, nikamkuta Afisa barazani kwa Mzee Msengi, maana alibaki kukagua madarasa ya watu wazima. Nikawaambia wote wawili kwamba nilisema uongo. Ukuta ule ulianzishwa na mkono wa mama mwenyeji wangu. Yeye ndiye aliyenifundisha udongo, na yeye ndiye aliyefuta nilipomwiga. Jina lake liandikwe.

Afisa akafungua taarifa. "Anaitwa nani?"

Nilikuwa nimelala kwake usiku nane, nimekula chakula chake, nimemshtaki, nimejifunza kwake, na sikuwa nimeuliza jina lake. Naftali ni jina la mwanawe.

Mzee Msengi alinionea huruma, akamtuma mtu akamwite. Alikuja akifuta mikono kwenye kanga, akaniona nilivyojaa vumbi.

"Mnyaturu, lori limekutapika?"

"Limenitapika, mama. Lilisema nina uongo tumboni."

Alinitazama sana, kisha akaketi. Akataja jina lake, herufi kwa herufi, ili Afisa asikosee.

Nilirudi mjini kesho yake, na tangu hapo sijanakili kitu. Niliendelea kuandika vibao vya maduka ili nile, na saa nyingine zote nilipaka nilichokuwa sikijui, kwenye mbao, magunia, mabati. Picha hizo zimenipeleka miji ambayo sikuwahi kuiota. Watu wameniuliza katika miji hiyo zinafanana na nini, nami nikajifunza kujibu bila woga kwamba hazifanani na kitu, zitazameni tu.

Lakini hesabu moja haijawahi kutulia moyoni. Uongo wangu niliusema mchana mbele ya kijiji kizima. Ukweli niliusema jioni barazani, mbele ya watu watatu, na wote watatu wamekwisha kufa. Ndiyo maana nimeiandika safari hii, ili waliosikia lile la kwanza, na watoto wao, wasikie na hili. Mama yule aliitwa Raheli binti Kilimba. Ukuta wa ghala la Nduguti ulianza mkononi mwake. Lile umbo jeusi ndilo langu.